Mikono Inapotetemeka Mbele ya Kinanda

Leo sitazungumzia malaria wala chanjo. Nitazungumzia woga. Wiki iliyopita mama mmoja alitutumia ujumbe mfupi wa simu. Binti yake wa miaka 13 anajifunza kupiga piano. Nyumbani anapiga vizuri, lakini kila anapoitwa mbele ya watu mikono inatetemeka, moyo unadunda, anakimbilia choo. Sasa amesema hataki kufanya mtihani wake wa muziki. Mama anauliza: je, mtoto wangu ana ugonjwa wa moyo? Na je, kuna dawa ya kumtuliza?

Nitayajibu maswali yote mawili, ila nitaanza na hilo la dawa, kwa sababu ndilo lililowahi kuniletea mgonjwa.

Miaka michache iliyopita, Jumamosi asubuhi, msichana wa shule ya upili aliletwa katika kituo cha afya nilichokuwa nikihudumu. Kifua kilikuwa kikilia kama filimbi, mabega yakipanda na kushuka, hawezi kumaliza sentensi moja. Alikuwa na pumu tangu utotoni, kwa hivyo hilo halikutushangaza. Kilichotushangaza ni kwamba alikuwa ametumia pampu yake mara kadhaa njiani na haikumsaidia kama siku nyingine. Tulimwekea oksijeni, tukampa dawa, tukakaa naye hadi kifua kikafunguka. Ndipo aliponivuta mkono na kuninong'oneza, "Sista, tafadhali usimwambie mama. Nilimeza tembe ya nyanya."

Nyanya yake alikuwa akitumia propranololi kwa ajili ya presha. Rafiki mmoja wa kwaya alikuwa amemwambia kwamba tembe hizo huzuia mikono kutetemeka, na siku hiyo alikuwa anakwenda kufanya mtihani wa piano.

Rafiki huyo hakudanganya. Propranololi kweli hupunguza mdundo wa moyo na mtetemeko wa mikono, na wanamuziki wengi wa ng'ambo huitumia, au dawa za jamii yake. Mwaka wa 1987 wanamuziki wa okestra za Marekani walipoulizwa, 27 kati ya kila 100 walisema wamewahi kuzitumia. Lakini sikiliza jinsi inavyofanya kazi. Mtu anapoogopa, mwili humwaga kemikali iitwayo adrenalini. Adrenalini hubisha milango mingi mwilini: mlango wa moyo, na moyo unaenda mbio, mlango wa mapafu, na njia za hewa zinapanuka. Propranololi huifunga milango hiyo. Moyo unatulia, sawa, lakini njia za hewa nazo zinakosa kupanuliwa, na kwa mtu mwenye pumu zinaweza kujifunga kabisa. Tena pampu ya pumu hupitia mlango huo huo. Ndiyo maana pampu ya msichana wetu ilishindwa kumsaidia.

Dawa hii pia huteremsha presha, na kwa mwenye kisukari anayetumia insulini inaweza kuficha dalili za sukari kushuka. Kwa hivyo, mama, dawa ipo, lakini hutolewa na daktari baada ya kukuuliza maswali na kukupima. Haiazimwi kutoka kwa nyanya. Na kwa mtoto wa miaka 13 anayeogopa mtihani, mimi singeanza na dawa hata kidogo.

Kuna wengine hujitibu kwa njia nyingine. Kijana anapiga kinanda kanisani au hotelini, anakunywa kidogo "kupata ujasiri". Pombe hupunguza woga, ni kweli, lakini vidole vinachelewa na masikio yanamdanganya kwamba amepiga vizuri. Wengine hutafuna muguka usiku kucha ili wafanye mazoezi. Muguka na miraa huongeza mdundo wa moyo na kutetemeka, yaani yale yale anayotaka kuyakimbia, na usingizi amekosa. Hata chai nzito au kahawa vikombe vitatu asubuhi ya siku hiyo si msaada.

Sasa turudi kwa swali la kwanza. Je, ni ugonjwa wa moyo?

Kwa maelezo ya mama, moyo wa mtoto huyu unadunda tu anapoitwa mbele ya watu, kisha unatulia. Huo ni woga wa jukwaani. Juu ya kila figo tuna tezi ndogo, na ndizo humwaga adrenalini. Mwili hauwezi kutofautisha sana kati ya mtahini na fisi. Unachojua ni kwamba kuna hatari, basi unakuandaa kukimbia au kupigana. Damu inapelekwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mapaja, vidole vinabaki baridi. Kinywa kinakauka. Tumbo linavurugika, ndiyo safari za choo. Misuli inakaza na kutetemeka.

Mkimbiaji wa mita 1,500 akipata mambo hayo yote pale mstarini, ni faida kwake, kwa kuwa dakika hiyo hiyo ataanza kukimbia. Maskini mpiga piano anatakiwa kuketi kitako, kimya, na kutumia misuli midogo ya vidole kumi kwa ustadi. Nguvu zote zile hazina pa kwenda. Zinatokea kwenye vidole, na kwenye mguu ulio juu ya pedali, ambao unaweza kutikisika hadi kiatu kikagonga sakafu.

Isitoshe, mpiga gitaa huja na gitaa lake. Mpiga piano hutumia anachokikuta. Watoto wetu wengi hufanya mazoezi kwa kinanda cha umeme cha kanisa, ambacho vitufe vyake ni vyepesi. Siku ya mtihani anakalishwa mbele ya piano halisi, anabonyeza kama alivyozoea, sauti haitoki vizuri, na anadhani mikono yake imekufa. Mikono haijafa. Vitufe vya piano ni vizito zaidi. Mwalimu afanye kila awezalo mtoto aguse piano ya kweli kabla ya siku yenyewe, hata kama ni kuomba nusu saa katika shule au kanisa lililo nayo.

Nilete mfano wangu mwenyewe. Mimi sijui kupiga hata wimbo mmoja kwenye kinanda. Lakini nakumbuka nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, sindano yangu ya kwanza kwa mgonjwa, mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu na ubao wake wa kuandikia. Nilikuwa nimedunga machungwa hadi nikachoka kuyaona. Mkono ulitetemeka hata hivyo, mpaka mgonjwa akanipa pole! Machungwa yalinifundisha kudunga. Hayakunifundisha kudunga huku nikitazamwa. Hayo ni mafunzo mawili tofauti, na mpiga piano anayejifungia chumbani miezi sita hupata moja tu.

Kwa hivyo jambo la kwanza ninalowashauri vijana ni kufanya mazoezi ya kutazamwa, kidogo kidogo, kuanzia kwa mtu asiyetisha. Leo piga mbele ya ndugu yako mdogo. Wiki ijayo, mbele ya mama na jirani. Kisha baada ya mazoezi ya kwaya, waombe watu watano wabaki wakusikilize. Ukiwa peke yako, weka simu ikurekodi, utaona vidole vinavyoanza kujua kwamba kuna anayesikiliza. Ingia kama siku ya mtihani: tembea kutoka mlangoni, keti, rekebisha kiti, anza. Kuna mbinu nyingine inayochekesha lakini inafaa: ruka kamba dakika moja, moyo uanze kwenda mbio, kisha keti upige papo hapo. Mwili unajifunza kwamba vidole vinaweza kufanya kazi hata moyo ukipiga ngoma.

Jambo la pili ni kujifunza kuendelea ukikosea. Nyumbani, mtoto akikosea husimama, anarudi mwanzo. Akifanya hivyo mara mia, ameufundisha mwili wake kwamba kosa maana yake ni kusimama. Basi kila siku atenge mara moja ya kupiga kipande chote bila kusimama, liwalo na liwe. Na anayepiga kwa kukumbuka kichwani achague sehemu nne au tano katika wimbo ambazo anaweza kuanzia bila kurudi mwanzo, kama stendi za matatu. Akipotea barabarani, anapandia stendi inayofuata.

Siku yenyewe, kula kitu chepesi: uji, ndizi, mkate. Nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu au vaa glavu ukingoja, maana vidole baridi ni vizito. Kisha pumua. Hapa watu wengi hukosea, wanavuta pumzi kubwa kubwa za haraka haraka. Ukipumua hivyo unatoa gesi ya kabonidayoksaidi kupita kiasi, na matokeo yake ni kizunguzungu, midomo na vidole kufa ganzi, na woga unazidi. Vuta hewa taratibu kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo dakika tatu au nne. Kule kutoa kwa muda mrefu ndiko hupunguza mdundo wa moyo.

Na usijiambie "tulia, tulia." Mwaka wa 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio ambapo watu walitakiwa kuimba mbele ya mtu wasiyemjua, wengine kuhutubia. Waliojiambia kwamba wana hamu na shauku walifanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Sababu yake inaeleweka: woga na shauku mwilini ni ndugu, moyo unadunda kote kuwili. Kuuambia mwili uhamie chumba cha pili ni rahisi kuliko kuuambia uhame mtaa.

Wapo wanaodhani woga ni dalili ya kukosa kipaji. Vladimir Horowitz alikuwa miongoni mwa wapiga piano mashuhuri zaidi wa karne iliyopita. Mwaka wa 1953 aliacha kupiga mbele ya hadhira, akakaa miaka 12. Aliporudi mwezi wa Mei 1965, katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, alikosea nota papo hapo mwanzoni. Aliendelea, na tamasha hilo linakumbukwa hadi leo.

Tukirudi hapa kwetu, vijana wengi hufanya mitihani ya bodi ya Uingereza iitwayo ABRSM. Nilimwuliza mwalimu mmoja wa muziki jinsi alama zinavyotolewa, na jibu lake lingewasaidia wazazi wengi. Katika mtihani wa kawaida mbele ya mtahini alama zote ni 150, na kupita ni 100. Kila kipande kina alama 30, na kupita ni 20. Vipande ni vitatu, halafu kuna skeli, kusoma muziki usioujua, na kusikiliza. Nota moja iliyopotea, au hata mstari mzima uliovurugika, haumwangushi mtoto. Kinachomwangusha ni kusimama na kulia. Waambieni watoto hesabu hiyo.

Sasa, ni lini umlete kituoni? Kama moyo unaenda mbio hata akiwa amepumzika na hana hofu yoyote, kama anazimia, kama kifua kinauma akikimbia, au anapungua uzito na kuchoka, tutampima, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia hufanya moyo udunde. Vilevile kama woga umevuka piano: halali wiki nyingi, hataki shule, hawezi kujibu darasani wala kula mbele ya watu. Huyo anahitaji kuzungumza na mshauri, na si aibu. Na mwenye pumu aende na pampu yake kila mahali, hata kwenye mtihani.

Yule msichana wa tembe alimwambia mama yake mwenyewe, nami nikiwa nimeketi kando. Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: "Ni mimi niliyekutisha?" Kumbe kila asubuhi alikuwa akimkumbusha mtoto karo ya muziki ni pesa ngapi. Msichana alifanya mtihani awamu iliyofuata. Alipotea katika kipande cha pili, akapandia stendi iliyofuata, akapita.

Kwa hiyo mama uliyetuandikia, leo jioni usimkalishe binti yako umpe hotuba. Mwombe akupigie wimbo wowote ukiwa unamenya viazi. Akikosea, endelea kumenya.