Kipuri cha Gari: Ukinunue Wadi Kabir au Mtandaoni?

Kwa familia nyingi tunazozihudumia, gari la kwanza hapa Muscat ni gari lililotumika: Corolla, Camry, Tiida au Sunny ya miaka kumi na zaidi, lililonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi. Mji huu ni mrefu, umelala kando ya bahari. Kazi iko Ghala, nyumba iko Mabela, shule ya watoto iko kwingine, na mwezi wa Juni huwezi kumwambia mtu atembee kwa miguu. Kwa hiyo gari likisimama, mshahara nao uko hatarini. Ndiyo maana mtu huingia ofisini kwetu ameshika simu mkononi, anatuonyesha picha ya pampu ya maji inayouzwa kwenye tovuti kwa nusu ya bei aliyotajiwa dukani, na kuuliza: "Niagize?"

Mimi humrudishia swali: kikija na kisifae, nani atakipokea? Ukishapata jibu la hilo, suala la wapi pa kununua huwa limekwisha nusu.

Kabla ya bei, namba

Chukua mulkiya yako, yaani kadi ya usajili wa gari. Humo kuna namba ya shasi yenye herufi na tarakimu 17. Namba hiyohiyo utaikuta kwenye dashibodi, chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, au kwenye nguzo ya mlango. Ipige picha uiweke kwenye simu. Namba hizi hazitumii herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona kitu kinachofanana na O, hiyo ni sifuri. Watu wengi huikosea hapo, wakaagiza kipuri cha gari la mtu mwingine.

Kwa nini namba na si jina tu la gari? Kwa sababu "Camry 2014" si gari moja. Hapa utasikia maneno mawili kila siku. Khaliji ni gari lililotengenezwa kwa soko la nchi za Ghuba. Warid ni gari lililoingizwa kutoka kwingine, mara nyingi Marekani, na mengine yaligongwa hukohuko kabla ya kuletwa na kukarabatiwa. Gari la Khaliji mara nyingi lina mfumo wa kupoza injini na kiyoyozi vilivyopangwa kwa joto la huku. La Marekani linaweza kutofautiana nalo kwenye rejeta, taa, bampa na sensa, ingawa ukiyatazama kwa mbali ni mapacha. Kama kwenye saa ya mwendo maili ndizo zilizoandikwa kubwa, shuku kwamba lako ni la Marekani.

Herufi ya kwanza ya namba ya shasi husaidia kidogo: J ni Japani, 1, 4 na 5 ni Marekani, 6 ni Australia, ambako Camry nyingi za Ghuba zilitengenezwa hadi kiwanda cha Toyota cha huko kilipofungwa Oktoba 2017. Lakini herufi hiyo inakuambia gari limetengenezwa wapi, si limekusudiwa kuuzwa wapi. Gari la J linaweza kuwa liliuzwa kwanza Marekani. Muuzaji wa kweli, awe wa dukani au wa mtandaoni, ataomba namba yote 17 aitazame kwenye katalogi yake. Asiyeiomba anabahatisha kwa pesa yako.

Hapa niseme jambo moja kwa walioishi Kenya, Tanzania au Uganda. Magari ya kule usukani wake uko kulia. Ndugu akikuambia atakununulia kipuri Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka kwa bei poa na kukupa mtu wa kukuletea, ushukuru moyo wake lakini uliza kwanza ni kipuri gani. Plagi au filta ya oili haina shida, mradi namba ni ileile. Taa ya mbele ni shida kubwa: taa ya gari la usukani wa kulia hutupa mwanga wake upande wa kushoto wa barabara, na huku tunakoendesha kulia mwanga huo unaingia machoni mwa dereva anayekuja mbele yako. Familia moja ilikwama kwenye ukaguzi wa gari kwa ajili ya taa ya namna hiyo, ikabidi inunue nyingine hapahapa. Usukani na nyaya zinazopita kwenye dashibodi ndiyo usiguse kabisa.

Dukani

Wadi Kabir, karibu na Ruwi, ni ndugu wa mitaa hiyo niliyoitaja: duka la spea kando ya gereji, gereji kando ya duka la tairi. Ghala nako kuna gereji nyingi, na kwa wanaokaa upande wa Seeb, eneo la viwanda la Mabela liko karibu zaidi. Watu huyaita maeneo haya sanaiya. Basi la Mwasalat linafika Ruwi na Wadi Kabir, ikiwa gari ndilo limekufa. Usiende mchana. Maduka mengi hufungwa kuanzia saa saba hivi hadi saa kumi, na Ijumaa asubuhi utakuta milango imeshushwa.

Wauzaji wengi ni watu wa India, Pakistan na Bangladesh, na Kiarabu chao ni cha biashara kama chako. Usihofu. Maneno unayoyahitaji ni machache, na mengine tayari unayo kinywani. Asli ni asili, kipuri chenye nembo ya kampuni ya gari lenyewe. Wakala ni wakala, duka la mwakilishi rasmi. Kwa Toyota ni Saud Bahwan, kwa Nissan ni Suhail Bahwan. Daman ni dhamana. Mustamal ni kilichotumika. Na tijari, neno linalotokana na biashara, ni kipuri kipya kilichotengenezwa na kampuni nyingine.

Hili la tijari linawachanganya wengi wakidhani maana yake ni bandia. Sivyo. Kampuni ya magari haitengenezi kila kitu yenyewe. Aisin na Denso huitengenezea Toyota vipuri vingi, kisha huviuza pia kwenye maboksi yao wenyewe. Pampu ya maji ya Aisin ndani ya boksi la Aisin mara nyingi ni nafuu kuliko ile yenye boksi la Toyota. Kwa hiyo ukitajiwa bei ya wakala ukashtuka, uliza tijari, na uliza ya kampuni gani. "Tijari" peke yake si jibu. Kuna tijari ya Aisin, na kuna tijari isiyo na jina wala anwani ya kiwanda kwenye boksi.

Kitu bora cha kuchukua dukani ni kipuri kibovu chenyewe. Kifute mafuta, kifunge kwenye mfuko, kiweke juu ya meza ya muuzaji pamoja na picha ya namba ya shasi. Vitundu vya boliti hesabu, urefu linganisha, plagi ya waya tazama. Hakuna picha ya tovuti inayokupa nafasi hiyo.

Fundi akisema "nipe pesa nikununulie mimi", si lazima awe mwizi, lakini huenda duka linampa chake, na risiti itabaki kwake. Nenda naye, au mwambie akuandikie kinachohitajika ukanunue mwenyewe. Kazi ikiisha, mwombe kile cha zamani. Usione haya, kilikuwa mali yako na bado ni mali yako.

Utakutana pia na Waomani wanaozungumza Kiswahili fasaha, hasa wazee na watoto wa familia zilizorudi kutoka Zanzibar na bara, wengi wao baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Ukisikia "karibu, unatafuta nini?" moyo unatulia. Tulia, lakini chukua risiti. Kiswahili si dhamana.

Mtandaoni

Mtandao una kazi yake, na sitaki umdharau mwanao anapokutafutia kipuri kwenye simu. Kama gari lako ni la Marekani na duka zima la Wadi Kabir linatikisa kichwa, tovuti ndiko utakakopata sensa yako. Vivyo hivyo vitu vidogo visivyo na haraka na vyenye namba kamili: kitufe cha dirisha, kioo cha pembeni, kifuniko cha tangi. Hata usiponunua, tovuti inakupa bei ya kuanzia mazungumzo dukani.

Ila piga hesabu yote. Riali moja ni baisa 1,000, na ni takriban dirhamu tisa na nusu za Emirati. Bei ikiandikwa 4.500 ni riali nne na nusu, si elfu nne na mia tano. Sisi tuliozoea shilingi na faranga macho hutudanganya hapo. Chukua mfano wa kupigia hesabu tu: pampu ya dirhamu 95, usafirishaji dirhamu 45. Jumla 140, karibu riali 14 na baisa 660. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza hapa Oman Aprili 2021, nayo inafika karibu riali 15 na nusu, kabla hujajua kama forodha nao wanataka chao. Kama dukani ni riali 17, umeokoa riali moja na nusu. Kama umengoja siku kumi ukipanda teksi kwenda kazini, hujaokoa kitu.

Kisha soma masharti ya kurudisha. Tovuti nyingi hupokea kipuri kisichofaa, lakini gharama ya kukirudisha nje ya nchi huenda ikawa juu yako. Tazama pia nani hasa anauza: tovuti kubwa huwa na wauzaji wengine ndani yake, na picha ya boksi la asili haina maana kwamba boksi la asili ndilo litakalokuja. Vinavyoigizwa sana ni vile vinavyonunuliwa mara kwa mara: plagi, filta ya oili, breki pedi. Bei ikiwa nusu ya bei ya kila mtu, ina sababu.

Kwenye OpenSooq na Dubizzle utapata watu binafsi wanaouza vipuri vilivyotumika. Hapo usitume pesa kwanza. Mkutane mchana kwenye gereji, fundi akiangalie, ndipo ulipe.

Mzigo ukifika Muscat, mleta mizigo atakupigia simu na kukuomba umtumie ramani ya mahali ulipo kwa WhatsApp. Usipopokea, mzigo unaweza kurudi ulikotoka. Na hapa wezi wanajua kwamba unangoja. Watakutumia ujumbe unaojifanya wa Oman Post, kwamba kifurushi chako kimezuiwa, lipa baisa mia kadhaa kwa kubonyeza hapa. Usibonyeze. Wanachotaka ni namba ya kadi yako na ile namba ya siri ambayo benki hukutumia kwa ujumbe. Namba hiyo haisomwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni polisi.

Vitu ambavyo nakushauri usiviagize

Breki, kwanza. Pedi, diski, mabomba ya breki: nunua dukani, ya kampuni inayojulikana, kwa risiti. Ukiteremka mlima kuelekea Wadi Kabir au Qurum huku watoto wako nyuma, huo si wakati wa kujua kwamba boksi lilikuwa la uongo.

Tairi pia. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 2523 maana yake ni wiki ya 25 ya mwaka 2023. Dukani unainama unasoma kabla ya kulipa, na unaangalia alama ya joto, ambayo A ndiyo inayostahimili zaidi, kisha B, kisha C. Tairi iliyokaa miaka kwenye ghala la moto hung'aa kama mpya, na mpira wake umeshachoka.

Betri haina haja ya mtandao. Ina asidi, kuisafirisha kwa ndege kuna masharti makali, na joto la Muscat huiua mapema kuliko ulivyozoea. Unataka duka lililo karibu, lenye dhamana iliyoandikwa tarehe na kupigwa muhuri. Mfuko wa hewa wa usalama usiununue popote kabla ya kumuuliza wakala: kama kampuni imeuitisha kwa hitilafu, hubadilishwa bure.

Mambo yakiharibika

Sheria ya kumlinda mtumiaji ya Oman, Amri ya Kisultani namba 66 ya mwaka 2014, inakupa haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa pesa bidhaa ikiwa na kasoro. Inayosimamia ni Mamlaka ya Kumlinda Mtumiaji, iliyoundwa mwaka 2011. Haiulizi wewe ni raia au mgeni, inauliza risiti. Huku wanaiita fatura. Iwe na jina la duka, tarehe, jina na namba ya kipuri, na muda wa dhamana kama upo. Ipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi nyingi za mashine hufifia ndani ya gari lenye joto. Kabla ya kulipia kipuri cha umeme, uliza kama kinarudishwa, kwa sababu maduka mengi hayapendi kukipokea kikishafungwa kwenye gari. Muuzaji wa nje ya nchi ni vigumu kwa Mamlaka kumfikia, na hilo nalo lihesabu kwenye bei.

Rudi kwanza dukani kwa upole, na kipuri kikiwa ndani ya boksi lake. Mara nyingi yanaishia hapo. Yasipoishia hapo, njoo ofisini kwetu siku yoyote kati ya Jumapili na Alhamisi, asubuhi, ukiwa na mulkiya, risiti na kipuri chenyewe. Tutakusaidia kuandika malalamiko kwa Kiarabu, na ikibidi mmoja wetu atakusindikiza.