Roboti ya Chini ya Barafu: Jaribu Kwanza, Kisha Safiri



Ndugu wanafunzi, mwaka huu tunazungumzia chombo kinachozama majini bila ya nahodha ndani wala mtu wa kukiendesha kwa mbali. Ni roboti: hupewa kazi kabla ya kushuka, kisha hujitafutia njia chenyewe.

Mfano wetu ni ENDURANCE, chombo kilichotengenezwa Marekani kwa fedha za NASA ili kupima Ziwa Bonney huko Antaktika. Ziwa hilo limefunikwa na barafu nene ya mita kadhaa mwaka mzima. Wataalamu walitaka pia kujifunza namna ya kuchunguza siku moja Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, unaoaminika kuwa na bahari chini ya barafu yake.

Tatizo liko wapi? Baharini, chombo kikiharibika kinaweza kuibuka juu kikaokotwa. Chini ya barafu hakuna pa kuibukia ila tundu moja kilikoshukia. Tena mawimbi ya redio hayapenyi mbali majini, kwa hiyo satalaiti haziwezi kukionesha kilipo. Hutegemea sauti, ambayo majini huenda zaidi ya mita 1,400 kwa sekunde. Chombo hutoa mlio, husikiliza mwangwi na kupiga hesabu kimefika wapi. Lakini kila hesabu ina kosa dogo, na makosa madogo hujumlishana. Kikikaribia tundu, kamera yake hutafuta taa iliyowekwa hapo.

Kwa sababu hiyo, Februari 2008 walikijaribu kwanza katika Ziwa Mendota, jimbo la Wisconsin, wakati uso wa ziwa umeganda. Pale mji wa Madison uko ukingoni, na kosa likitokea mafundi na zana hawako mbali. Mwishoni mwa mwaka huo ndipo kilipopelekwa Bonney, na mwaka 2009 kikarudi huko tena.

Tumefundishwa kumfunga ngamia, kisha kutawakali. Basi nasi tusingoje siku ya mtihani ndipo tujue tulipokosea. Msomee mwenzio juzuu yako leo, akurekebishe, ungali karibu na ufukwe.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiiq.