Oili Chafu Haiokoi Mwanzi

Swali ni lile lile, na anayeliuliza huwa amekwisha kuamua: "Ua wangu wa mianzi niupake oili chafu mikono mingapi?" Ameliuliza mwalimu anayejenga Kotile, ameliuliza mwenye hoteli Masalani, ameliuliza fundi anayepakia paneli kwenye lori mjini Garissa ateremke nazo kufuata mto Tana. Hakuna anayeuliza kama oili inafaa. Hilo kwao limepita, kilichobaki ni hesabu ya mikono. Jibu langu ni kwamba usiipake hata mkono mmoja, na leo nitatoa sababu zote kwa pamoja.

Imani yenyewe najua ilikotoka. Watu wameona nguzo za stima zilizo nyeusi zikisimama miaka na mchwa wasiziguse. Wameona pia oili inayomwagwa gereji ni nyeusi. Wakaunganisha. Lakini weusi wa nguzo ile ni kreosoti, dawa inayotokana na lami ya makaa ya mawe, na haikupakwa kwa brashi wala kitambaa. Nguzo ilikaushwa, ikafungiwa ndani ya silinda ya chuma, dawa ikasukumwa kwa shinikizo mpaka ikaingia ndani ya mti. Oili ya injini imetengenezwa ilainishe vyuma visisagane. Haikuwahi kuwa sumu ya mdudu, na kuchafuka hakuigeuzi ikawa dawa.

Tuseme basi ingekuwa dawa. Ungeiingiza vipi ndani ya mwanzi? Ngozi ya nje ya mwanzi ina nta na silika, ndiyo maana hung'aa na maji huuteleza. Mti wa kawaida una njia nyembamba zinazopitisha majimaji kutoka ganda kuelekea kiini, mwanzi hauna. Mirija yake yote hupanda kwa urefu, kutoka shina hadi kilele. Kwa hiyo dawa yoyote ya majimaji huingilia kwenye ncha zilizokatwa, kwenye upande wa ndani, au pale palipotobolewa. Ukipaka ubavuni unapaka pasipoingia kitu. Chukua kipande cha mwanzi uliopakwa oili mwaka jana, ukikate katikati kwa msumeno, utazame. Utaona mstari mweusi mwembamba juu ya ngozi, na ndani mweupe vile vile ulivyotoka shambani.

Huo weupe ndio unaotafutwa. Mdudu anayemaliza mianzi ni mende mdogo, mwembamba, wa milimita tatu hivi, wa ukoo mmoja na dumuzi. Dumuzi kila mkulima wa mahindi anamjua, maana tangu aingie Kenya kupitia upande wa Taveta miaka ya 1980 amegeuza maghala kuwa unga. Huyu wa mwanzi naye anafuata kile kile, wanga. Mwanzi uliokatwa mbichi umejaa wanga, na kwake paneli yako mpya ni ghala lenye mlango wazi. Tena ngozi ya nje, pale ulipopaka oili yako kwa bidii, ndipo mahali asipopapenda. Huingia kwenye ncha, kwenye vifundo palipokatwa matawi, na kwa ndani. Unamkuta baadaye kwa unga laini wa rangi ya krimu uliorundikana chini ya ua kila asubuhi. Mwenye nyumba akiuona unga huo hukimbilia mkono wa pili wa oili, na mdudu wakati huo yuko ndani anaendelea kula.

Mchwa nao ni habari nyingine. Wao hutoka ardhini. Harufu ya oili mbichi huweza kuwachelewesha kidogo, lakini jua la Kotile huikausha haraka, na mchwa hawana haja ya kuigusa. Hujenga njia zao za udongo juu yake, wakapanda ndani ya udongo huo hadi penye chakula. Aliyewahi kuona mchwa wamepanda ukuta wa simenti kufuata boriti za paa hana sababu ya kudhani watashindwa na utando wa oili.

Hapo huja ushahidi wa jirani: "Fulani alipaka, na ua wake umesimama." Mara nyingi nikienda kuutazama ua huo nakuta kinachosimama ni vigingi vya mathenge au vya mgunga, miti yenye kiini kigumu ambacho mchwa hukihangaikia muda mrefu bila oili wala dawa. Oili imepewa sifa ya mti. Pengine ua una miezi michache tu, na mende bado yuko ndani hajatoboa matundu ya kutokea. Au mwenyewe alibahatika kupata mianzi iliyokomaa, iliyokatwa kiangazi na kukaa majini kabla ya kuuzwa, naye hakujua. Mtu akipaka kipande kimoja akaacha kingine kutoka mzigo ule ule, akaviweka pamoja mwaka mzima, ataona mwenyewe. Sijakutana na mwenye ushahidi wa jirani aliyefanya hivyo.

Na kama ingekuwa kupoteza pesa tu ningenyamaza. Oili iliyotumika ina chembe za metali zilizosagika ndani ya injini, na kemikali za mwako ambazo baadhi yake husababisha saratani. Mkataba wa Basel wa 1989 kuhusu taka za hatari, ambao Kenya ni mwanachama wake, umeiorodhesha waziwazi. Sasa fikiria boma la Kotile. Mbuzi hujikuna kwenye ua, wana-mbuzi hutafuna kila kinachotafunika, watoto hushika ua kisha wakashika chakula. Mvua zetu ni chache lakini zikija huja kwa kishindo, zikaosha oili hiyo hadi kwenye udongo, na kwa wengi kisima kifupi kiko hatua chache kutoka hapo. Jioni mama anawasha jiko la kuni ndani ya ua ule ule, na upepo wa kiangazi unavuma. Mtu aliyekuuzia dawa hii kwenye mtungi wa lita tano hatakuwapo moto ukishika.

Mwanzi hufa kwa sababu mbili, wanga ulio ndani yake na udongo ulio chini yake. Ukisimamishwa ardhini bila dawa, makadirio yanayokubalika ni mwaka mmoja hadi mitatu. Chini ya paa, bila kugusa udongo, ni minne hadi saba. Tofauti hiyo haikuletwa na rangi wala oili. Na hapa Kotile ina bahati ambayo Lamu haina: hewa yetu ni kavu, ukungu si adui mkubwa. Ukiwazuia mdudu na mchwa umefika mbali.

Basi mambo ya kufanya. Ukinunua, tazama ncha iliyokatwa: ukuta wa mwanzi uwe mnene, na mwanzi uwe wa miaka mitatu hadi mitano, mgumu, usiobonyea wala kunyauka. Mwanzi wa njano unaopandwa kwa mapambo Pwani uepuke, ni mzuri wa macho lakini una wanga mwingi kuliko mingi, na mende huuanzia huo. Mwanzi wa milimani, wa Nyandarua na Mau, ni mwepesi na hupasuka ukitolewa kwenye baridi ukaanikwa kwenye jua letu. Usimamishe wima kivulini wiki kadhaa kwanza. Zile paneli nyembamba zinazouzwa zikiwa zimeviringishwa, vijiti vilivyofungwa kwa waya, zinafaa kwa baraza lenye paa na si kwa ua wa nje. Waya hushika kutu na jua huvimeza vijiti.

Dawa ya kweli ni boraksi na asidi ya boriki. Kilo tatu za boraksi na mbili za asidi ya boriki katika lita mia moja za maji, ndani ya pipa au shimo lililotandikwa karatasi ya nailoni. Mwanzi mzima utoboe vifundo vyote kwa ndani kwa nondo ndefu, uuzamishe wiki moja hadi mbili. Uliopasuliwa hutosheka kwa siku chache, zisipungue nne. Funika pipa, mbuzi asinywe, na maji yakibaki usiyamwage shambani, boroni iliyo kwenye dawa hiyo ikizidi huua mimea. Huna boraksi? Loweka kwenye maji matupu wiki nne na zaidi, wanga utapungua. Fanya hivyo kwenye tangi, si Tana, kule kuna mamba.

Dawa ya boraksi huoshwa na mvua, kwa hiyo weka kofia ya bati juu ya ua, na mwanzi usiguse ardhi kabisa: vigingi viwe vya mathenge, mabomba ya chuma au saruji, paneli ianze kiganja kimoja juu ya udongo ili njia ya mchwa ionekane ikianza kujengwa. Vijiti viwe wima, kata juu kidogo tu ya kifundo maji yasituame ndani, toboa kwa keekee kabla ya kupiga msumari. Acha nafasi upepo upite.

Na ujue unanunua nini. Mwanzi ni sitara, huzuia macho ya wapita njia. Fisi hauzuii. Jamii ya Ishaqbini, jirani zetu hapo, walipotaka kuwakinga swala aina ya hirola na wanyama wala nyama mwaka 2012 waliweka uzio wa waya. Nje weka miiba, waya au ua hai. Hina humea vizuri ukanda huu wa mto na mbuzi akiila inachipua tena. Mwanzi uwe ndani, upande wa jikoni na wa bafu. Asiye na pesa za mianzi asione haya kutumia mikeka ya miyaa ya mkoma: ni ya hapa hapa, ni rahisi, na inapochakaa hubadilishwa bila kumwita fundi kutoka Garissa.

Kwa walio karibu na mto, paneli zifungwe kwenye vigingi kwa boliti, si misumari, ili uzifungue mafuriko yakikaribia. Maji ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yalipofika mabomani, ua uliopigwa misumari ulizuia takataka mpaka ukalala wote. Boliti mbili juu na mbili chini zinatosha, na spana ikae nyumbani, isiazimwe msimu wa mvua.