Kuhesabu Visivyohama: Kutoka Tundu la Dema hadi Jiometri ya Namba

Darasa letu la istilahi lilikwama juma zima kwenye maneno mawili tu. Tulikuwa tukitafuta namna ya kuita kwa Kiswahili ile nukta ambayo, baada ya vitu vyote kuhamishwa, hukutwa palepale ilipokuwa. Mmoja alipendekeza nukta thabiti, mwingine nukta tuli. Wa tatu akasema tukipumzishe Kiswahili, kwani mambo hayo yana lugha zake. Kauli hiyo ya tatu ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya, maana tunaisikia mara nyingi mno, na mara nyingine kutoka kwa walimu wenzetu.

Aliyetukwamua alikuwa mwanafunzi kutoka pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Huko, kuanzia Pemba na Ibo hadi Mocímboa da Praia, watu husema Kimwani, na kuanzia Palma kuelekea Mto Ruvuma husema Kimakwe. Lugha zote mbili ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Yeye amekulia nyumba ya wavuvi. Alisikiliza ubishi wetu kisha akauliza: "Mwalimu, mbona lema ukilizungusha halionyeshi kama umelizungusha?"

Lema ndilo dema, mtego wa samaki unaojulikana pwani yetu yote. Husukwa kwa vipande vyembamba vinavyopita katika pande tatu, na vikipishana huacha matundu ya pembe sita. Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Msumbiji tangu miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 2014, aliuandika mtego huu katika makala yake ya mwaka 1988, pamoja na kikapu cha kubebea mizigo kiitwacho litenga chenye matundu ya aina hiyohiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba umbo la pembe sita halikuteremka kutoka kitabuni. Msukaji anayetaka vipande vikazane pande zote sawasawa, bila kulegea, hujikuta amefika hapo kwa mikono yake. Gerdes aliiita hisabati iliyoganda: fikra imo ndani ya kitu, inangoja mtu aiyeyushe.

Basi tuiyeyushe kidogo. Chukua tundu moja la dema, lililozungukwa na vipande sita, kisha vipake rangi, kila kimoja cheupe au cheusi. (Mvuvi hapaki dema lake rangi, huu ni mchezo wetu walimu.) Kila kipande kina chaguo mbili, hivyo kuna njia 2×2×2×2×2×2, yaani 64. Lakini dema huzungushwa. Mapambo mawili yanayofanana baada ya kuzungusha tutayahesabu kuwa pambo moja. Je, yako mapambo mangapi yaliyo tofauti kweli?

Wengi darasani waligawa 64 kwa 6 wakapata kumi na kitu na baki, wakaduwaa. Kosa ni kudhani kwamba kila pambo lina nakala sita. Pambo jeupe tupu lina nakala moja tu, kwa sababu ulizungushe utakavyo halibadiliki. Dawa yake ni kuuliza, kwa kila mzunguko, ni mapambo mangapi hayahami. Usipozungusha kabisa, yote 64 yamebaki. Ukizungusha hatua moja, yanayobaki ni yale ya rangi moja tu, 2. Hatua mbili, 4. Hatua tatu, 8, maana hapo kila kipande kinatakiwa kulingana na kinachokikabili tu. Hatua nne, 4. Hatua tano, 2. Jumla ni 84. Gawa kwa mizunguko sita, unapata 14, bila baki.

Kwa nini wastani huo hausemi uongo? Tazama familia moja moja. Pambo jeupe tupu liko peke yake, lakini halihami katika mizunguko yote sita: linachangia 6. Pambo la nyeupe na nyeusi zinazopokezana lina nakala mbili, na kila nakala haihami katika mizunguko mitatu: 6 tena. Pambo lenye kipande kimoja cheusi lina nakala sita, na kila moja hubaki pale tu usipozungusha: 6. Kila familia hulipa sita, iwe kubwa au ndogo. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya nukta tuli: ukitaka kujua viko vingapi, hesabu visivyohama.

Kanuni hiyo vitabu vingi huipa jina la Burnside, Mwingereza, ingawa mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1897 aliitaja kuwa ya Mjerumani Frobenius, aliyeithibitisha mwaka 1887. (Ndio mwaka ambao Wareno waliitwaa Ghuba ya Tungi, pale Palma, kutoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar. Hatudai kuwa mambo haya mawili yanahusiana.) Msomaji alishike jina la Frobenius, tutakutana naye tena.

Sasa tuache tundu la sita tuchukue mzunguko wa saba, tuseme ushanga wa tembe saba. Saba ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Waliochagua neno tasa hawakukosea, kwani namba hii haina vigawo vingine vya kuizaa wala kuigawanya. Matokeo yake ni kwamba ushanga wa tembe saba hauna familia za kati. Ama ni wa rangi moja na hauhami kamwe, ama una nakala saba kamili. Kwa rangi tatu kuna njia 2187. Tatu ni za rangi moja. Zilizobaki, 2184, zinajipanga katika familia za saba saba, familia 312 kamili. Kwa maneno mengine, 3 ikipandishwa kwenye kipeo cha 7 kisha ikagawanywa kwa 7, baki ni 3 ileile. Weka namba nzima yoyote mahali pa 3, na tasa yoyote mahali pa 7, jambo halibadiliki. Fermat aliliandika katika barua mwaka 1640. Tulikuwa tukihesabu shanga, tumejikuta ndani ya nadharia ya namba.

Hapa ndipo pagumu, nasi tunamwomba msomaji asitukimbie. Fikiria namba kama siku za juma: ukifika saba unaanza upya. Zipo namba saba tu, 0 hadi 6, na kila hesabu hutazamwa baki lake. 3 mara 5 ni 15, yaani 1. Katika ulimwengu huu mdogo kila namba ikipandishwa kipeo cha 7 hurudi ilivyokuwa, kama ushanga ulivyotuonyesha. Ulimwengu huu una mapengo lakini. Ukizidisha kila namba kwa yenyewe unapata 0, 1, 2 na 4 tu, wala hupati 3. Basi tunaongeza namba mpya, tuiite w, ambayo w mara w ni 3. Tukiichanganya na zile saba tunapata ulimwengu wa namba 49. Humo kipeo cha 7 hakituachi tulivyo: w huwa w mara 27, yaani 6w, ambayo ni sawa na −w. Imehama upande wa pili. Kati ya namba zote 49, zisizohama ni zile saba za mwanzo tu.

Uhamisho huu wa kipeo cha 7 unaitwa kwa jina la Frobenius yuleyule. Uzuri wake ni kwamba hauvunji jumla wala zao. Kwa hiyo jibu la mlinganyo likihamishwa hubaki kuwa jibu la mlinganyo uleule. Swali "mlinganyo huu una majibu mangapi katika ulimwengu mdogo?" linageuka kuwa "katika ulimwengu mkubwa, majibu mangapi hayahami?" Ni swali la dema.

Tujaribu mlinganyo y² = x³ + 1 kwa siku zetu saba. Ukiweka x kuwa 0, 1, 2 au 4, unapata y mbili kila mara. Ukiweka 3, 5 au 6, unapata moja. Jumla 11. Wanahisabati huongeza nukta moja ya upeoni, hivyo 12. Sasa ukitaka kujua ni ngapi katika ulimwengu wa namba 49, hutahitaji kuhesabu. Andika 12 kama 1 − (−4) + 7. Hiyo −4 ndiyo siri ya mlinganyo wetu. Izidishe kwa yenyewe, 16, toa mara mbili ya 7, unabaki na 2. Jibu ni 1 − 2 + 49, yaani 48. Ulimwengu unaofuata, wa namba 343, hufuata njia hiyohiyo: −4 mara 2, toa 7 mara −4, ni 20, kisha 1 − 20 + 343, yaani 324. Hesabu ndogo ya darasani inatabiri hesabu ambayo mtu angeifanya kwa siku nzima na kukosea.

Nani anaipa −4 nguvu hiyo? Solomon Lefschetz, mwaka 1926, alionyesha kwamba umbo likihamishwa, idadi ya nukta zisizohama inajulikana kwa kutazama uhamisho unayafanya nini matundu na mizunguko ya umbo hilo. Mlinganyo wetu, ukitazamwa kwa namba za kutosha, una umbo la ngata, ile pete ya kitambaa ambayo mama huweka kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Ngata ina njia mbili za kuizunguka, moja kulizunguka tundu na nyingine kuuzunguka unene wake, na −4 inatoka katika njia hizo mbili. Ile 1 ni ya ngata kuwa kitu kimoja, na ile 7 ni ya uso wake mzima. Hasse alikuwa amethibitisha miaka ya 1930 kwamba kwa milinganyo ya aina hii namba hiyo ya siri haiwezi kuvuka mara mbili ya kipeuo cha pili cha tasa. Kwa 7 mpaka ni kama 5.29, na −4 imo ndani. Mwaka 1949 André Weil alikisia kwamba mambo haya ni kweli kwa milinganyo ya kila umbo. Alexander Grothendieck na wenzake waliunda zana zake miaka ya 1960, naye Pierre Deligne akafunga sehemu ngumu kuliko zote katika makala yake ya mwaka 1974. Kuhusu zana hizo tunapita haraka, kwani zinadai kozi nzima.

Turudi kwenye neno. Thabiti tumeliacha, kwa kuwa darasani tunalitumia kwa namba isiyobadilika thamani, na hapa thamani siyo hoja. Tumekubaliana na nukta tuli. Aliyepinga alisema tuli limeshachukuliwa na umeme tuli wa fizikia. Tulimjibu kwamba maana ni ileile, kitu kilichotulia ambapo kingeweza kwenda. Mwanafunzi wetu hakushiriki sana katika kura hiyo. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017, Palma ikafuata Machi 2021, na mamia ya maelfu ya watu wakayahama makwao. Mjomba wake, msukaji wa malema, ni miongoni mwao, na huko bara alikokimbilia hakuna bahari ya kulitosea lema. Kijana alituomba jambo moja tu: tumwandikie hesabu ya zile 14 kwa Kiswahili ampelekee, kwa sababu Kireno cha vitabu mjomba hakisomi na Kiswahili anakielewa. Tuliandika kurasa mbili, na michoro kumi na minne.

Kwa msomaji mwenye kalamu: mlinganyo y² = x³ + x, kwa siku saba, hutoa 8 pamoja na nukta ya upeoni. Tafuta idadi yake katika ulimwengu wa namba 49, ulete jibu chumba cha idara kabla ya toleo lijalo.