Mzazi, njia ya Mariga na Wanyama haikuwa nyoofu

Ukimuuliza mvulana wa miaka 12 anataka kuwa nani akiwa mkubwa, usishangae akikujibu kuwa anataka kuwa mwanasoka. Zamani mzazi alimnyang'anya mpira na kumrudisha kwenye vitabu. Siku hizi mambo yamegeuka. Kuna wazazi wanaowaamsha watoto alfajiri wakafanye mazoezi, na wapo walio tayari kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili wamlipe mtu anayedai ana njia ya kumfikisha mtoto Ulaya.

Kabla hujafika huko, hebu itazame familia moja ya hapa Kenya iliyotoa wanasoka wawili wakubwa: McDonald Mariga na mdogo wake, Victor Wanyama. Wengi wetu tunakumbuka mabao na mamilioni. Lakini mzazi atafaidika zaidi akiyajua yale yaliyowapata ndugu hawa walipokuwa hawaandikwi magazetini.

Baba yao, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards miaka ya 1980. Watoto walikulia Muthurwa, Nairobi, na wote wawili walisoma Shule ya Upili ya Kamukunji, ambayo imelea wanasoka wengi. Ndugu yao Thomas naye alicheza soka, na dada yao Mercy akawa mchezaji wa mpira wa vikapu wa timu ya taifa. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Katika nyumba hii, kisogo kilichotazamwa kilikuwa cha baba.

Aliyetangulia kutoka ni Mariga, aliyezaliwa 1987. Baada ya kuzichezea klabu za nyumbani, ikiwemo Tusker, aliondoka 2005 akiwa na umri wa miaka 18. Hakuenda Milan wala London. Alienda Enköping, mji mdogo wa Sweden ambao mashabiki wengi wa Kenya hawakuwahi kuusikia, kisha akajiunga na Helsingborg katika nchi hiyohiyo. Baada ya miaka miwili hivi ndipo alipopata nafasi Parma, Italia.

Januari 2010 mlango mkubwa ulifunguka, kisha ukafungwa mbele ya macho yake. Manchester City ilikuwa imekubaliana na Parma kumnunua, lakini Uingereza ikamnyima kibali cha kazi. Sheria ya wakati huo ilitaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe anachezea timu ya taifa iliyo miongoni mwa 70 bora duniani, na Harambee Stars haikuwa humo. Kijana hakuwa na kosa. Alikuwa na mguu mzuri na klabu iliyomtaka, ila cheo cha timu ya nchi yake kikamwangusha.

Kabla dirisha la usajili halijafungwa, Inter Milan ilimchukua. Chini ya kocha José Mourinho, Inter ilishinda ligi ya Italia, Kombe la Italia na Klabu Bingwa Ulaya msimu huohuo. Mariga alikuwa kwenye benchi mjini Madrid Mei 22, 2010, Inter ilipoilaza Bayern Munich 2-0 katika fainali.

Sasa turudi nyuma kidogo tumtazame mdogo wake, maana hapa ndipo penye funzo kwa mzazi.

Victor, aliyezaliwa 1991, alimfuata kaka yake Helsingborg mwaka 2007. Alikuwa mtoto wa miaka 16 katika nchi ya baridi na lugha ngeni, na mtu wake wa karibu alikuwa kaka yake. Punde Mariga akahamia Italia. Mambo ya Victor hayakusimama tena, klabu ikamwachilia, naye akarudi Kenya.

Vijana wengi hupotelea hapo. Aliyeagwa kwa shangwe anarudi na begi lake, majirani wanauliza kulikoni, marafiki wanamcheka chinichini. Kuna nyumba ambamo mtoto wa namna hii huambiwa amewaaibisha, au hukumbushwa kila siku pesa zilizotumika kumpeleka. Kijana wa miaka 16 hana kifua cha kubeba hayo. Baadhi huacha mpira kabisa, na wengine huogopa kurudi nyumbani, wakabaki ughaibuni bila klabu, bila shule na bila vibali.

Victor alirudi nyumbani, akaendelea kucheza. Mwaka 2008 alipata nafasi nyingine katika klabu ya Beerschot ya Antwerp, Ubelgiji, na mara hii alisimama kwa miguu yake. Alikaa huko miaka mitatu. Mwaka 2011 Celtic ya Scotland ilimnunua kwa takriban pauni 900,000. Novemba 7, 2012, aliifungia Celtic kwa kichwa dhidi ya Barcelona, na Celtic ikashinda 2-1. Mwaka uliofuata Southampton ilitoa pauni milioni 12.5, naye akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nchi iliyomkataa kaka ikampokea mdogo.

Hapo kwenye mamilioni, wazazi wengi hukosea hesabu. Ada ya uhamisho hulipwa na klabu moja kwa klabu nyingine. Haiingii mfukoni mwa mchezaji. Yeye hula mshahara na marupurupu yaliyo kwenye mkataba wake. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ndiyo maana inafaa kuhakikisha klabu ya mtaani anayochezea mwanao imesajiliwa na inaweka rekodi zake.

Jambo la pili ni mwili. Msimu wa 2016/17, wake wa kwanza Tottenham, Wanyama alicheza mechi 36 kati ya 38 za ligi. Agosti 2017 aliumia goti. Alikuwa na miaka 26, umri ambao mchezaji huwa ndiyo kwanza anaiva. Alirudi, na Februari 2018 akawafungia Liverpool ugani Anfield kombora la mbali lililochaguliwa bao la mwezi la ligi. Hata hivyo, idadi ile ya mechi hakuifikia tena akiwa Tottenham. Machi 2020 alihamia Montreal, Canada. Mariga naye aliwekwa nje na majeraha kwa vipindi virefu, na mwaka 2017, akiwa na miaka 30, alijiunga na Real Oviedo ya daraja la pili Uhispania.

Mwalimu au muuguzi aliyeajiriwa mwaka ule Mariga alipoondoka nyumbani bado yuko kazini hadi leo. Mwanasoka hufika pensheni akiwa bado kijana, na pensheni yenyewe ni ile aliyojiwekea. Ndiyo sababu elimu haiwezi kuachwa. Ndugu hawa mpira waliupata wakiwa wanafunzi, si kwa kuikimbia shule. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata baada ya uwanja, maisha huhitaji kuanza upya. Novemba 2019 Mariga aligombea ubunge wa Kibra akashindwa. Desemba 2024 alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka Kenya. Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars katika Kombe la Afrika 2019 nchini Misri, alikaa bila klabu baada ya kuondoka Montreal. Aprili 2025, akiwa na miaka 33, alichukuliwa na Dunfermline ya Scotland, iliyokuwa ikifundishwa na Neil Lennon, kocha wake wa zamani wa Celtic. Heshima aliyoiacha kule zaidi ya miaka kumi nyuma ilimfaa.

Basi, mzazi, akija mtu nyumbani kwako akisema ana klabu ya Ulaya inayomtaka mwanao, mambo haya uyajue. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi isipokuwa kwa sababu chache zilizowekwa, na tangu 2009 uhamisho wa namna hiyo lazima uidhinishwe na FIFA yenyewe. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA. Klabu inayomtaka mchezaji kwa dhati humgharamia yenyewe. Ukiombwa pesa za tiketi, viza na majaribio, shika mfuko wako. Ukiletewa mkataba, usitie sahihi kabla hujausomewa na wakili.

Kisha kaa na mwanao mzungumze kuhusu siku ambayo huenda mambo yasiende vizuri. Mwambie mapema, kabla hajapanda ndege, kwamba akiachwa na klabu atarudi nyumbani, atakuta chakula mezani, na hakuna atakayemdai nauli. Kijana anayejua hivyo anaweza kukupigia simu mambo yakiharibika, badala ya kukuficha.