Nati tano au sita? Piga hesabu kabla ya kutoboa habu ya tela

MKULIMA wa mpunga wa Magu, Misungwi au Sengerema mwenye tela la ng'ombe anajua kwamba tela lake liliwahi kuwa gari. Ekseli, habu na rimu vilitolewa kwenye gari chakavu, fundi akachomelea fremu, akapigilia mbao, kazi ikaanza.

Matatizo huanza rimu inapopasuka au kuliwa na kutu. Tela lina habu ya Land Rover ya zamani yenye nati tano, lakini rimu zinazopatikana kirahisi kwa wauza vipuri Mwanza ni za Toyota, za nati sita. Hapo ndipo fundi anaposema, "Lete habu, tuitoboe upya."

Wakati mwingine ushauri huo unafaa. Mara nyingine unamfanya mkulima alipe mara mbili, na kwa gari linalopita lami na abiria nyuma, unaweza kuua.

Jambo la kwanza ni kujua kwamba idadi ya nati peke yake haitoshi. Kinachotakiwa pia ni kipenyo cha mduara unaopita katikati ya tundu zote. Land Rover za zamani zina nati tano kwenye mduara wa milimita 165.1, yaani inchi sita na nusu. Hilux nyingi za 4WD zina nati sita kwa milimita 139.7. Saluni ndogo nyingi za Kijapani zina nati nne kwa milimita 100, na kubwa zake nati tano kwa 114.3.

Hata gari za jina moja hutofautiana. Land Cruiser nyingi za familia ya 70 zilikuwa na nati sita, lakini kuanzia mwishoni mwa mwaka 1999 nyingi zikatoka na nati tano kwa milimita 150. Hiace nyingi za umbo la zamani zina nati tano. Zilizofuata, za kuanzia 2004, zina sita. Kwa hiyo ukimtuma kijana mjini akuletee "rimu ya Hiace", bado hujamwambia kitu.

Kupima si kazi ngumu. Chukua rula, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake. Kwa nati nne, zidisha kwa 1.414. Kwa nati tano, zidisha kwa 1.701. Kwa nati sita, zidisha kwa mbili tu. Ukipata karibu milimita 67 kwenye rimu ya nati tano, mduara wake ni 114.3. Ukipata karibu 59, ni 100, na rimu hizo mbili haziingiliani hata kwa nyundo.

Nasema nyundo kwa sababu wapo wanaolazimisha. Rimu ya milimita 112 inakaribia kabisa kuingia kwenye habu ya 114.3, basi fundi anapanua tundu kidogo kwa tupa. Nati hazikai tena sawasawa kwenye viti vyake, zinalegea, stadi zinakatika moja baada ya nyingine. Fundi wa namna hiyo mkimbie.

Sasa turudi kwenye kutoboa habu. Tukibaki na idadi ileile ya nati, tano kwa tano au sita kwa sita, fundi anaweza kugeuza mpangilio ili tundu mpya ziangukie katikati ya zile za zamani. Chuma kinabaki cha kutosha pande zote.

Lakini kutoka tano kwenda sita, au nne kwenda tano, mahesabu yanakataa. Geuza utakavyogeuza, walau tundu moja jipya litaangukia karibu sana na la zamani. Kwa habu ya Land Rover inayotobolewa kwa mduara wa Hilux, tundu hilo linaweza kuingiliana kabisa na la zamani. Kulijaza kwa kuchomelea ndiyo dawa inayopendwa, nayo ni mbaya, kwani joto hudhoofisha chuma na ufa huanzia hapo kimyakimya.

Njia nyingine ni sahani nene ya chuma inayofungwa kwenye stadi za zamani, ikiwa na stadi mpya kwa ajili ya rimu. Ikikerezwa vizuri inafanya kazi. Ila inasukuma gurudumu nje kwa unene wake, na beringi ya nje inabeba mzigo ambao haikuumbiwa.

Tela na gari si kitu kimoja

Tela lenye magunia 10 ya kilo 100 limebeba tani moja, karibu nusu tani kwa kila gurudumu. Huo si mzigo mdogo. Hata hivyo, ng'ombe wanatembea kilomita tatu au nne kwa saa. Gurudumu likilegea, mwendeshaji atasikia, atasimama, na hasara itakuwa ya muda. Pikapu inayotoka Sengerema kwa kasi ya kilomita 80, ikipita Daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025, haitoi nafasi hiyo.

Kwa sababu hiyo, kwa maoni yangu, habu iliyotobolewa upya ibaki kwenye tela. Kwa gari, badilisha habu nzima kwa nyingine iliyotengenezwa kiwandani, baada ya kuhakikisha beringi, meno ya shafti na diski au dramu ya breki vinakubaliana. Tena ubadilishe magurudumu yote manne. Ukibadili ya mbele tu, utalazimika kubeba spea mbili, na hiyo ni nafasi ya matenga mawili ya nyanya inayopotea kila safari.

Upande wa fedha, usilinganishe bei ya kutoboa na bei ya habu peke yake. Tuseme tela lako hukodishwa safari mbili kwa siku kwa shilingi 15,000 kila moja. Likilala siku sita kwa fundi wakati mpunga unavunwa, umepoteza shilingi 180,000 kabla hujamlipa fundi chochote. Weka bei za kijijini kwako na utaona kwamba mara nyingi nafuu ni kununua habu mbili zilizotumika pamoja na rimu zake, kutoka gari moja, na kufanya kazi hiyo miezi ambayo tela halina kazi.

Ukiamua kutoboa, tafuta karakana yenye mashine ya kukereza, kama zile za eneo la viwanda Nyakato, si drili ya mkononi chini ya mwembe. Mwambie fundi apime kutoka kitovu cha habu, na akuonyeshe rimu ikizunguka bila kuyumba kabla ya kulipwa.

Nenda na nati zako pia. Toyota nyingi hutumia stadi ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, Nissan nyingi ni 12 kwa 1.25. Nati ya moja inaanza kuingia kwenye nyingine, kisha inakula nyuzi. Kaza kwa mpangilio wa nyota, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo rudia kukaza zote, kisha tena siku ya pili.