Upepo Unaopata Joto kwa Kushuka Mlima

Mwenye baiskeli anayebeba mizigo kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, haachi pampu nyumbani. Tairi likilegea, anasimama kando ya njia, anapiga pampu mara ishirini, thelathini, kisha akishika ncha yake anakuta imekuwa ya moto. Jua halihusiki sana hapo. Hewa ikibanwa hupata joto, basi.

Sasa pampu hiyo ifikirie kwa ukubwa wa milima ya Mitumba. Mashariki ya Kabambare nchi inapanda kuelekea Fizi na Itombwe, ambako vilele vinapita mita 3,000, kabla ya kuporomoka hadi Ziwa Tanganyika. Mto Luama unatoka huko juu, unapita Kabambare na kuingia Lualaba. Kasongo yenyewe iko kwenye mita 650 hivi.

Wakati wa kiangazi pepo za kusini-mashariki huvuka ziwa na kugonga milima hiyo. Hewa inapopanda hutanuka na kupoa, na mvuke wake ukigeuka mawingu, huweza kumwaga mvua papo hapo. Ndani ya wingu hewa hupoa polepole, kama nyuzi 5 au 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, kwa sababu mvuke unaogeuka maji huachia joto. Ikishavuka kilele na kushuka bila wingu, hubanwa na kupata nyuzi 10 hivi kwa umbali uleule. Hapo ndipo hesabu isipolingana: hewa iliyoacha maji yake nyuma hufika bondeni ikiwa kavu na yenye joto kuliko ilivyokuwa upande wa pili. Kutoka mita 2,000 hadi usawa wa Kasongo, hiyo ni nyongeza ya nyuzi 13 na ushei.

Watu wa milima ya Alps huuita upepo wa namna hii föhn, na Wajerumani wameipa jina hilohilo mashine ya kukaushia nywele saluni. Mei 1861, huku föhn ikivuma, moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Glarus, Uswisi. Marekani unaitwa chinook. Tarehe 22 Januari 1943, huko Spearfish, Dakota Kusini, ulipandisha joto kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 7 juu yake katika dakika mbili.

Maniema haina vituko hivyo, na tusiupe mlima sifa isiyo yake. Kiangazi cha kusini mwa Maniema huletwa hasa na mkanda wa mvua unaohamia kaskazini. Mlima unaongeza ukavu tu. Kazi yake huonekana wazi zaidi Burundi: vilele vya Kibira hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, ilhali tambarare ya Imbo, chini yake tu, mara nyingi haifiki 1,000.

Hewa kavu ina wateja wake. Mihogo iliyolowekwa, ikaanikwa juu ya mkeka, inakauka upesi na kuwa myeupe, tayari kwa kinu. Katika hewa yenye unyevu ingeota ukungu mweusi. Lakini nyasi nazo zinakauka vilevile, na cheche moja inatosha kuruka hadi kwenye paa la jirani. Anayechoma shamba Agosti afyeke kwanza ukanda mpana upande ule upepo unakoelekea, na awashe moto jioni upepo ukishatulia.